Wanaochanga Mshahara wa Nesi kwa Baiskeli: Safari ya Tour 21 na Funzo la Nyumbani Kwangu



Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni nesi huko Birmingham, Uingereza. Siku moja alinitumia picha kwa WhatsApp: watu wazima, wengine na mvi zao, wamevaa zile kaptula za kubana, wanapanda mlima kwa baiskeli na nyuso zimewaiva kwa jua. Nikamjibu kwa mzaha kwamba Wazungu wamekosa kazi. Akanirekodia sauti: "Mjomba, usicheke. Hawa wanachanga mshahara wa nesi."

Niliisikiliza sauti ile mara mbili. Mimi nimehudhuria harambee za kila namna. Za msikiti, za madrasa, za karo, za mashine ya kusafisha figo, hata za kulipa bili ili maiti atoke mochari tukamzike. Sijawahi kuitwa kwenye harambee ya mshahara wa nesi. Basi nikaanza kusoma na kuulizauliza, na leo nawaletea niliyoyapata. Nina sababu yangu ya nyumbani pia, nitaifikia.

Safari yenyewe

Inaitwa Tour 21. Ni ya kuchangia Cure Leukaemia, shirika la hisani la Birmingham lililoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya saratani za damu. Kila mwaka kundi la waendesha baiskeli wa ridhaa huenda kuendesha njia yote ya mashindano ya Tour de France, wiki moja kabla ya wenyewe mabingwa kupita. Ni watu wenye kazi zao, walimu, wafanyabiashara, mawakili, wengine walishaugua saratani au walimzika aliyeugua. Mikondo ni 21, ndipo jina lilipotoka.

Kwa asiyefuatilia michezo hii, Tour de France ilianza 1903. Gazeti la L'Auto ndilo lililoibuni ili liuze nakala nyingi zaidi. Mwaka huo wa kwanza ilikuwa mikondo 6 tu, jumla kilomita 2,428. Siku hizi ni mikondo 21 ndani ya siku 23, na urefu wake huwa kiasi cha kilomita 3,400, hupanda na kushuka kidogo kila mwaka kwa sababu njia hubadilishwa. Na usidhani ni mbali sana na sisi: Chris Froome, aliyeshinda mara 4 (2013, 2015, 2016 na 2017), alizaliwa Nairobi na baiskeli alifundishwa na Mkenya, David Kinjah, kule Kikuyu.

Kilomita 3,400 kwenye karatasi hazimwambii mtu kitu. Hebu tuzipime kwa barabara tunayoijua. Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 160. Toka asubuhi Mombasa kwa baiskeli, fika Voi jioni, lala. Kesho yake anza tena safari ya urefu huo huo, na keshokutwa, na mtondo. Fanya hivyo mara 21, upumzike siku mbili tu katikati. Sasa ongeza milima. Kuna mlima wa Galibier ambao barabara yake hufika mita 2,642 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko mji wa Nyahururu. Kuna Alpe d'Huez, kilomita karibu 14 za kupanda bila kupumua, na kona 21 za kukata. Milima hii haipitiwi kila mwaka, lakini mwaka usio na huu una mwingine.

Mabingwa hufungiwa barabara, askari wakasimama kila kona. Hawa wa ridhaa hawafungiwi kitu. Wanapita na malori, na watalii wanaovuta nyumba zao kwa magari. Wana fundi wa baiskeli, gari la chakula na maji, na wakandaji wa kuwanyoosha misuli jioni, basi. Huendesha kwa kundi, mmoja akikata upepo mbele na wengine wakijificha nyuma yake, halafu wanapokezana, maana anayetangulia huchoka zaidi. Asiyejua kukaa ndani ya kundi hafiki.

Na kabla hata ya kukanyaga pedali, kila mmoja hutakiwa awe amechangisha si chini ya pauni 30,000. Kwa hesabu ya haraka ni zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya. Lengo la kundi zima ni pauni milioni 1 kwa mwaka. Kiasi hicho hakikuokotwa hewani. Kinakaribiana na gharama ya mwaka mmoja ya kuwalipa wauguzi nitakaowaeleza hapa chini na kuuendesha mtandao wao.

Nahodha aliyeugua

Mtu aliyeanza habari hii ni Geoff Thomas. Wapenzi wa soka wa rika langu watamkumbuka. Alikuwa nahodha wa Crystal Palace kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1990, waliyotoka sare ya 3-3 na Manchester United kisha wakafungwa 1-0 kwenye marudio. Timu ya taifa ya Uingereza aliichezea mara 9. Alistaafu 2002, na mwaka uliofuata akapimwa akakutwa na saratani ya damu inayoitwa lukemia sugu ya mailoidi.

Ugonjwa huu una historia ya kipekee. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Marekani, waligundua kwamba wagonjwa wake wana kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali, na hapo ikazaliwa amri mbovu inayoufanya uboho utoe chembe nyeupe bila kukoma. Kwa miaka mingi tiba ya kuumaliza ilikuwa moja tu: kupandikizwa uboho wa mtu mwingine anayelingana nawe. Mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha kidonge cha imatinibu, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Glivec. Kidonge hiki kinaizima ile amri. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2000 ukiwa na wagonjwa 1,106 ulionyesha baadaye kwamba katika kila 100 walioanzishwa dawa hii, 83 walikuwa hai baada ya miaka 10. Saratani iliyokuwa ikiua ndani ya miaka michache ikageuka kuwa kama presha au sukari, ugonjwa wa kuishi nao kwa kumeza dawa kila siku.

Kumeza kila siku. Maneno hayo tutarudi kwayo.

Thomas yeye alipandikizwa mwanzoni mwa 2004, dada yake ndiye aliyemtolea, chini ya Profesa Charlie Craddock wa Hospitali ya Queen Elizabeth, Birmingham. Mwaka 2005, hata miaka miwili haijatimia, akaendesha njia nzima ya Tour de France na wenzake wachache ili kuchangisha pesa za tiba. Mwaka huo huo BBC ikampa tuzo yake ya Helen Rollason, inayotolewa kwa waliosimama imara kwenye shida. Amerudia safari hiyo mara kadhaa, na kutoka kwake ndipo ilipokuja Tour 21.

Haikupita bila ugomvi. Mwaka 2015 alimwalika Lance Armstrong aendeshe naye mikondo miwili. Armstrong, Mmarekani aliyepona saratani, alishapokonywa mataji yake 7 mwaka 2012 kwa pufya. Rais wa shirikisho la baiskeli duniani wakati huo, Brian Cookson, alisema hadharani kwamba ni kukosa heshima. Thomas akashikilia kwamba kitabu cha Armstrong ndicho kilichomwinua kitandani, na kwamba kelele za magazeti zingeleta wachangaji. Mimi nikiulizwa, nadhani alikosea. Pesa ya mgonjwa haitaki kuzungukwa na maswali. Lakini sijawahi kulala kwenye kitanda kile nikisubiri uboho wa dada yangu, kwa hiyo nalisema hilo kwa sauti ya chini.

Kwa nini nesi, na si mashine

Hapa ndipo penye kiini. Ungetarajia pesa zote hizo zinunue mashine au zijenge wodi yenye jina la mfadhili ukutani. Sehemu kubwa inakwenda kwenye mtandao wa vituo 12 katika hospitali za Uingereza, ulioanzishwa 2011, wa kuharakisha majaribio ya dawa mpya za saratani za damu. Cure Leukaemia iliubeba mzigo wake mwaka 2020. Na kinacholipwa katika vituo hivyo, cha kwanza kabisa, ni nesi wa utafiti.

Huyu ni nesi aliyekamilika, kisha akasomea kazi ya majaribio ya dawa. Saratani za damu ni za aina nyingi na kila aina ina wagonjwa wachache. Hospitali moja inaweza kuwa na wagonjwa watatu tu wa aina fulani, na dawa mpya inahitaji ijaribiwe kwa 50. Dawa ipo kwenye stoo ya kampuni. Daktari yupo, amebanwa na foleni. Mgonjwa yupo, hajui kama dawa ipo. Asipokuwepo mtu wa kuwaunganisha hawa watatu, jaribio hukaa miaka bila kuanza, na kwa mwenye lukemia kali miaka hiyo hana.

Nesi wa utafiti ndiye anayepekua mafaili kuona nani anafaa. Anaketi na mgonjwa na familia yake, awaeleze jaribio ni nini, hatari yake ni ipi, na kwamba wanaweza kukataa au kutoka wakati wowote bila kunyimwa tiba ya kawaida. Ridhaa inasainiwa baada ya maelezo hayo, si kabla. Anatoa damu kwa saa iliyopangwa, maana damu ya saa mbili baada ya dawa haisemi sawa na ya saa nne. Anaandika kila kichefuchefu na kila kipele. Tatizo kubwa likitokea lazima liripotiwe upesi, kwa kawaida ndani ya saa 24. Kubwa zaidi, yeye ndiye nambari iliyo kwenye simu ya mgonjwa. Usiku homa ikipanda, mgonjwa anajua ampigie nani, na anayepokea anamjua yeye ni nani.

Jambo hili la nesi mwenye ugonjwa mmoja mikononi si geni huko. Wauguzi wa Macmillan, wanaoshughulikia wagonjwa wa saratani, walianza 1975. Wapo pia wanaoitwa Admiral Nurses, wa familia zenye mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Hili jina lilinifurahisha: linatokana na mzee Joseph Levy aliyekuwa na maradhi hayo, na kwa kupenda kwake kusafiri baharini watu walimwita Admirali Joe. Sisi wa Pwani tungemwita nahodha na kumwacha hapo.

Mwamu wangu

Sasa ile sababu ya nyumbani. Baba yake huyu mpwa wangu, mwamu wangu, alikuwa fundi wa injini za mashua Likoni. Miaka 10 iliyopita alianza kukonda. Usiku akitoka jasho la kulowesha shuka, na tumbo upande wa kushoto likamjaa kama amemeza jiwe. Alitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja. Ilipopimwa damu vizuri, katika hospitali ambayo jina lake nalihifadhi, ikaonekana ni ugonjwa ule ule wa Geoff Thomas. Nilipousoma mwaka huu kwenye habari za yule mchezaji, nililiweka simu chini kwanza.

Daktari alikuwa mtu mwema. Alimwandikia vidonge, akamweleza kwa dakika chache kwa sababu benchi la nje lilijaa mpaka kwenye ngazi. Karatasi ya dawa ilikuwa kwa Kiingereza. Mwamu akameza, na baada ya miezi mitatu hivi alikuwa mtu mwingine. Bandama likarudi, mwili ukajaa, akarudi kwenye injini zake. Sote tulisema alhamdulillah, amepona.

Ikaingia Ramadhani. Kidonge alikuwa akikimeza asubuhi na chai. Akaona, mtu amefunga, na isitoshe amepona, atakimeza vipi? Akakiweka. Idi ikaja, hakukirudia, kwa sababu hakuna kilichouma. Mimi mwenyewe nilimwona kwenye futari mwezi mzima na sikumuuliza hata siku moja kuhusu dawa yake. Tarehe yake ya kliniki ikapita. Hakuna aliyempigia simu. Si kwamba alipuuzwa na mtu fulani, la. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kugundua kwamba hakuja.

Mfungo Nne akaanza tena jasho. Aliporudi hospitali ugonjwa ulikuwa umeshabadilika sura, umekuwa ule mkali. Alifariki Mfungo Sita, siku za maulidi. Dada yangu alipokuwa akipanga nguo zake alikuta kadi ya kliniki kwenye mfuko wa shati, na paketi mbili za dawa hazijafunguliwa.

Kidonge kile humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Wakati wa kufuturu una vyote viwili. Ilitosha mtu kumwambia hayo kwa Kiswahili, wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Binti yake alikuwa kidato cha pili. Alipomaliza shule alikwenda kusomea uuguzi KMTC, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kilifi wanayajua haya

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya Ulaya. Si kweli. Hapa hapa Pwani, Kilifi, kituo cha KEMRI na Wellcome kipo tangu 1989. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Kilifi ilikuwa kimoja cha vituo hivyo. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023, nayo ilipita Kilifi.

Kazi hiyo isingewezekana bila wauguzi na wahudumu wa nyanjani. Kila mwenyeji anakumbuka uvumi: kwamba damu ya watoto inauzwa, kwamba ni mumiani. Uvumi ule haukuzimwa kwa barua kutoka Nairobi. Ulipunguzwa na watu waliokaa chini ya mwembe na wazazi wakaeleza, kwa Kigiriama na Kiswahili, damu inayotolewa ni vijiko vingapi vya chai na inakwenda kupimwa nini. Aliyekataa aliachwa. Mzazi aliyekubali alijua mlango wa kugonga mtoto akipata homa. Watu wetu wanaijua kazi ya nesi wa utafiti tangu zamani, ila hawajawahi kuiita jina hilo.

Na si utafiti peke yake. KMTC inafundisha nesi aliyekwisha kuhitimu arudi darasani kusomea ICU, figo, macho, chumba cha upasuaji, watoto, afya ya akili, na saratani. Mwenye diploma kama mimi anajua kurudi darasani ukiwa na watoto nyumbani si mchezo. Lakini nesi mmoja niliyezungumza naye, aliyesomea figo kwa pesa yake mwenyewe, aliniambia kwamba alipomaliza alirudishwa wodi ya kawaida, zamu kama kawaida, mshahara kama kawaida. Nafasi yenye jina la kazi aliyosomea haikuwepo kwenye vitabu vya mwajiri wake. Mtu kama huyo ukimfungulia dirisha la ng'ambo, ataruka. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi, na mpwa wangu ni mmoja wa walioondoka baadaye. Simlaumu. Dada yangu analipiwa kodi ya nyumba kutoka Birmingham.

Mombasa sasa tuna kituo cha saratani pale hospitali kuu, ile tunayoiita Makadara. Hatua kubwa hiyo, tuiseme. Mgonjwa wa mionzi wa Kwale au Lamu hana haja ya kupanda basi la usiku kwenda Nairobi kama zamani. Ila jengo likifunguliwa utepe hukatwa na picha hupigwa. Nesi wa kupiga simu kwa waliokosa kliniki hana utepe. Mwanasiasa hawezi kupiga naye picha akampandishia jina ubavuni. Nadhani ndiyo maana hatujawahi kumfanyia harambee.

Maswali mawili ya haki

Nilimuuliza mpwa wangu swali ambalo wengi wenu mnaliuliza sasa: kama mtu ana marafiki wa kumchangia pauni 30,000, kwa nini asizipeleke tu, akaacha hoteli, magari ya kufuatana na tiketi za ndege? Alicheka. Akasema, "Mjomba, hao marafiki hawamchangii akiwa amekaa." Ni kweli. Hata sisi, mtu hutoa zaidi akiona mwenzake anatokwa na jasho. Jasho ni tangazo. Watu wa vijiji vya Ufaransa wanawauliza wanafanya nini, ofisini kwao wenzao wanafuatilia kila mkondo kwenye simu, na kila anayefuatilia anasikia neno ambalo hajawahi kulisikia: nesi wa utafiti.

Swali la pili ni zito, na jibu lake sijaridhika nalo. Je, mshahara wa nesi utegemee miguu ya watu wa hisani? Wakichoka? Wakati wa Korona mwaka 2020 mashindano yenyewe yalisogezwa kutoka Juni na Julai hadi mwisho wa Agosti, na michango ya hisani kila mahali ilitikisika. Wagonjwa hawakusogezwa. Macmillan walilifikiria hili zamani: kawaida yao ni kulipia nafasi ya nesi miaka ya mwanzo tu, kwa makubaliano kwamba baada ya hapo hospitali ya umma itaichukua kwenye bajeti yake. Mchango unafungua mlango, serikali inabaki na funguo. Mpango wa namna hii kaunti zetu zingeweza kuuiga bila baiskeli hata moja, maana afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Nesi mmoja wa saratani kwa kila kaunti ya Pwani ni mishahara sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Sita. Waheshimiwa wanaosoma safu hii, na najua mnasoma kwa sababu mnapiga simu mkiudhika, ongezeni hapo gharama ya muda wa maongezi, mtuambie ni nini kisichowezekana.

Kwa anayemeza vidonge vya saratani ya damu, au aliye na mgonjwa nyumbani: usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri, kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa hiyo. Ramadhani ikikaribia, mwone daktari mapema muulizane kama unaweza kufunga na saa ya kumeza iwe ipi. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa, na imamu wa mtaa wako atakueleza. Kadi ya kliniki isikae mfukoni, ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaiona. Na sisi mashemeji na wajomba tuulize kwenye futari.

Mpwa wangu ameniambia ameomba nafasi ya mafunzo ya nesi wa utafiti pale Birmingham. Kuendesha baiskeli hajui, alikulia kwenye mashua ya babake. Majibu ya maombi bado hayajatoka.